Rula inavuta karatasi Julai, Februari inagoma

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nafundisha fizikia huku Kongwa, Dodoma. Julai nikisugua rula ya plastiki kwa sweta, vipande vya karatasi vinairukia. Februari nikarudia mbele ya darasa, haikuvuta hata kimoja, wanafunzi wakacheka. Je, unyevu wa hewa unapunguza kani kati ya chaji za umeme?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hapana. Unyevu hauigusi kani, unakuibia chaji.

Kani hiyo hutegemea wingi wa chaji ya kila kitu, umbali kati yao, na kilichojaa katikati. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi mwenzangu, aliipima mwaka 1785 kwa mizani ya uzi unaosokotwa. Ukizidisha chaji moja mara mbili, kani nayo huzidi mara mbili. Umbali ndio mkali zaidi. Chukua vigololi viwili, kila kimoja kina chaji ya maikrokulombi 1 (sehemu moja ya milioni ya kulombi, kipimo cha chaji). Vikiwa sentimita 10 vinasukumana kwa nyutoni 0.9, sawa na uzito wa gramu 90 hivi. Visogeze hadi 5, zinakuwa 3.6. Vitenge hadi 20, inabaki 0.225 tu.

Hilo la katikati ndilo linalochanganya watu. Ndani ya maji kani hushuka takriban mara 80, basi mtu anadhani mvuke nao utafanya vivyo hivyo. Lakini mvuke hewani ni haba mno: hewa, iwe kavu au yenye unyevu, haipishani na ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, hata kwa sehemu 1 katika 1,000. Kinachotokea Februari ni kwamba utando mwembamba wa maji unatanda juu ya rula, na chaji inavujia mkononi mwako kabla hujaifikia karatasi. Julai Dodoma ni kukavu. Hata ukivua sweta usiku unasikia cheche.

Jambo jingine: karatasi yako haina chaji ya ziada. Rula inazisogeza kidogo chaji zilizomo ndani yake, za kinyume zikawa upande wa karibu, ndipo ikavutwa. Mvuto wa namna hii hufifia upesi kuliko hesabu ya vigololi, kwa hiyo rula ishuke hadi milimita chache.

Siku ya somo, anika rula na sweta juani, futa mikono, kisha sugua na upeleke papo hapo. Mawingu yakitanda, joto la jiko la mkaa linatosha, ila kwa mbali. Mimi niliwahi kuiharakisha rula yangu, ikajikunja kama ulimi wa ng'ombe.