Nitapata wapi saa ya kuandika?

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, naishi Likoni. Wikendi natengeneza jahazi dogo la mbao, urefu wake mita moja, mfano wa yale aliyokuwa akiyaunda babu yangu. Nilikusudia kila wiki niandike nilipofikia. Niliandika wiki tatu nikaacha, na sasa ni miezi minne. Jioni narudi nimechoka, na nikifungua daftari sijui nianzie wapi. Je, niwe nikiandika kwenye feri?
Mjukuu wa Fundi, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Feri iache. Jioni pale watu wasukumana, hata kiwiko hukiinui. Na hata ungepata pa kukaa, uko mbali na jahazi lako: utaandika "leo niliendelea na mataruma", yaani mbavu za chombo, na mwakani maneno hayo hayatakufaa kwa lolote.

Yamenifika mimi. Mwaka juzi nilijifunza kupika halua nyumbani, Kibokoni, nikapika mara saba. Ile ya nne ilitoka nyororo, yang'aa, samli haikujitenga. Nikasema nitaandika usiku. Usiku wakaja wageni, kesho yake kufua. Nilipokamata kalamu sikukumbuka samli ya mwisho niliitia saa ngapi, wala moto niliupunguza lini. Tatu zilizofuata ziliharibika, na ile ya nne sijaipata tena hadi leo. Yaniuma. Sasa daftari langu laning'inia kwenye msumari kando ya jiko, kalamu nimeifunga kwa uzi. Kurasa zina madoa ya samli na zafarani. Naandika mwiko ungali mkononi.

Basi usitafute saa nyengine. Kata dakika 10 katika kazi yenyewe: kabla hujaweka randa na msumeno, kaa hapo hapo kwenye vumbi la mbao uandike mistari mitano. Mbao gani, kipimo gani, wapi ilipasuka na ulikuwa ukifanya nini. Palipopasuka ndipo uandike zaidi. Mstari wa mwisho uwe kazi ya wiki ijayo: "ubao wa tatu kushoto haujakaa." Wiki ijayo utaanzia hapo.

Ile miezi minne usijaribu kuilipa. Chora jahazi lilivyo leo, tia tarehe, endelea.

Ukipata nafasi pita Fort Jesus, uone vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walioichimbua kati ya 1977 na 1980 walipima na kuchora kule kule chini ya maji.

Na kama yuko mjomba au mama anayekumbuka babu yako alikiitaje kila kipande cha jahazi, mwendee Jumapili hii na daftari. Andika angali akizungumza.