Maswali ya Wasomaji: Moto wa Juni na Moto wa Oktoba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mfugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora. Kila mwaka tunaonywa tusichome misitu, lakini ifikapo Juni bwana misitu huja na vijana wa kamati ya maliasili ya kijiji wakawasha moto katika msitu uleule tunamotundika mizinga. Je, kuna moto halali na moto haramu?

JIBU: Ndugu msomaji, upo, na kinachoutofautisha zaidi ni mwezi. Msitu wenu ni wa miombo, ambao umetanda kutoka magharibi na kusini mwa Tanzania hadi Zambia, Msumbiji na Angola, penye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu kinachokausha nyasi zote zilizoota chini ya miti. Radi huwasha moto mara chache, hasa mvua zinapokaribia. Mioto mingi huanzishwa na watu wanaosafisha mashamba, wanaorina asali, wanaowinda au wanaotafutia ng'ombe majani mabichi. Kwa hiyo moto utafika tu, na la kuamua ni ufike lini.

Mwezi Juni nyasi bado zina unyevu shinani, na moto uliowashwa alasiri hutambaa chini chini, ukaruka sehemu na kuzimika wenyewe usiku umande unapoanguka. Septemba na Oktoba hakuna unyevu wa kuuzuia, upepo ni mkali, na, jambo ambalo wengi hawalitilii maanani, miti mingi ya miombo huchipua majani mapya mekundumekundu kabla mvua haijanyesha. Moto wa wakati huo huunguza machipukizi pamoja na maua ambayo nyuki wako wanayategemea.

Haya yalipimwa. Kuanzia mwaka 1933, karibu na Ndola nchini Zambia, vipande vya miombo vilitengwa: vingine vikachomwa mapema kila mwaka, vingine mwishoni mwa kiangazi, na vingine vikakingwa kabisa. Baada ya miaka mingi, vilivyochomwa kwa kuchelewa vilikuwa vimepoteza karibu miti yote mikubwa, vikabaki nyasi na vichaka. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu. Na vilivyokingwa vilisongamana miti hata nyasi zikapungua.

Utauliza kwa nini basi msitu wote usikingwe. Kwa kipande kidogo chenye walinzi inawezekana, lakini katika msitu wa kijiji ambao hauna hata barabara za kuzuia moto, kinga hiyo huvunjika siku moja, na nyasi na majani makavu yaliyorundikana kwa miaka mitatu au minne huwaka kwa pamoja. Hilo, kwa maoni yangu, ni baya kuliko kuchoma kila Juni. Hata hivyo moto wa mapema nao una gharama, kwani nitrojeni nyingi iliyomo kwenye nyasi hupotea na moshi, kwa hiyo ni vyema kamati ibadilishe maeneo badala ya kuchoma palepale kila mwaka. Waombeni watangaze tarehe mapema, nanyi mfagie nyasi na majani yote chini ya kila mti wenye mzinga. Msijichomee wenyewe bila kibali, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji.

SWALI: Miche ya mninga iliyojiotea shambani kwangu Liwale hukauka hadi chini kila kiangazi. Niing'oe?

JIBU: Usiing'oe. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, hata usipoguswa na moto, huku mzizi ukinenepa. Akiba ikitosha, hutoa shina linalorefuka upesi hadi ncha yake ikapita kimo cha ndimi za moto. Fukua kidogo kando ya mche: mzizi mnene wenye majimaji ni mzima. Mwaka utakapoona shina halikukauka, palilia nyasi kulizunguka kabla ya Agosti.