Akichomwa kwa mawimbi ya sauti ndiyo amepona?

SWALI: Mzee wetu ana miaka 67. PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ni 8.6 na kinyama (kipande cha tezi kilichotolewa kupimwa) kimeonyesha saratani ya tezi dume upande wa kulia tu, Gleason 3+4 (alama ya ukali wa saratani; ikipanda ni kali zaidi). Ndugu yetu aliyeko Uingereza anasema huko inachomwa kwa mawimbi ya sauti, hapasuliwi mtu. Ukoo umeshaanza kuchanga. Je, akichomwa ndiyo basi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Sio basi, na mchango wenu uhesabu miaka ya kufuatiliwa, siyo tiketi na siku ya tiba peke yake.

Mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, kifaa hupitishwa njia ya haja kubwa, kikakusanya mawimbi kwenye nukta moja ndogo hadi nyama ya hapo ipite nyuzi joto 60 na kufa. Uingereza walifuatilia wanaume 1,379 waliotibiwa hivyo kati ya 2005 na 2020. Kwa makadirio ya miaka 7, takriban 69 kati ya 100 hawakuhitaji upasuaji wala mionzi ya tezi nzima, na saratani haikusambaa. Ila wengine walichomwa mara ya pili, na nusu ya kundi zima ilikuwa imefuatiliwa chini ya miaka 3. Ndiyo maana anayewaahidi miaka 15 mumwulize ameitoa wapi.

Saratani inakorudi ni pembeni mwa sehemu iliyochomwa, au upande ambao picha haikuuona. Tezi yenye vijiwe vya kalsiamu huzuia mawimbi yasifike. Tezi kubwa nayo ni shida, kwa sababu sehemu ya mbele inakuwa mbali na kifaa.

Kinachowachanganya wengi ni PSA. Haitashuka hadi sifuri, maana upande wa kushoto uko hai na unaendelea kuitoa. Ikishuka kutoka 8.6 hadi 2.4, tuseme, msishtuke, wala msisherehekee. Andikeni kiwango chake cha chini kabisa, kisha mwangalie kama kinapanda kipimo baada ya kipimo. Mwaka wa kwanza apime kila miezi 3, maabara ileile. Ukikaribia kwisha, arudie MRI (picha ya sumaku) na kinyama, hata kama anajisikia mzima. Wazee wengi hukwepa hapo.

Atakaa na mpira wa mkojo siku kadhaa. Miezi ikipita mkojo ukawa uzi mwembamba, njia imeanza kuziba kwa kovu, awahi. Upepo ukitoka pamoja na mkojo, ni dharura: kuna tundu kati ya njia ya mkojo na ya haja kubwa. Ni nadra, lakini hutokea zaidi kwa aliyewahi kupigwa mionzi. Nguvu za kiume hupungua kwa baadhi, ingawa si kwa kiasi cha upasuaji.

Kabla ya safari, nendeni kwa madaktari wa mfumo wa mkojo pale hospitali ya KCMC, mwombe vioo vya kinyama visomwe upya na mtaalamu wa pili. Gleason 3+4 ikigeuka 4+4, mpango wote unabadilika. Vioo hivyo na CD ya MRI mzee asafiri navyo mkononi, visiwekwe kwenye begi la kupakia.