Kulala kwenye kasri la kale Ufaransa: dada, kwanza pima magoti

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, anasema aliziona picha zangu za Ufaransa na yeye na mumewe wanatimiza miaka kumi ya ndoa, wanataka wakalale kwenye kasri kama sisi, nimpe siri. Siri haipo dada, kuna hela na magoti.

Sisi tulienda Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kule ngome za Beynac na Castelnaud zinakotazamana, huku na huku ya mto. Enzi za Vita vya Miaka Mia, 1337 mpaka 1453, Wafaransa na Waingereza walikuwa wanaviziana pale. Hizo mbili unalipa kiingilio, unatembea, unatoka. Kasri letu la kulala lilikuwa dogo, limekarabatiwa, euro 190 usiku mmoja.

Sasa sikia. Tumeshuka treni mji wa Sarlat tukitokea Bordeaux, jasho linatutoka, baba watoto anaburuza sanduku, tunafika mapokezi yule mama anatuangalia halafu anatuambia wafanyakazi wa jikoni wanapitia nyuma. Kifaransa nakijua vizuri tu. Nikatoa simu taratibu nikamwonyesha buking yenye jina langu na malipo. Akababaika, akatuletea juisi ya zabibu ya bure. Niliinywa, ila mpaka leo nikikumbuka kifua kinanibana.

Chumba kilikuwa juu mnarani, ngazi za mawe za kuzunguka 61, nilizihesabu, zimelika katikati kama jiwe la kunolea visu. Lifti hakuna. Gurudumu la sanduku likang'okea huko huko. Ukuta sasa! Niliingiza mkono kwenye kidirisha mpaka bega, vidole havikufika nje. Ndio maana Wi-Fi inafia mlangoni, na ndio maana pamoja na joto la Agosti nililala na soksi na kanga mbili.

Kwa hiyo beba begi dogo. Tena nasema, begi dogo. Halafu uliza ni hoteli au ni chambre d'hôtes, yaani vyumba vya wageni nyumbani kwa mtu, maana kisheria chambre d'hôtes haizidi vyumba 5 na wageni 15, na chai ya asubuhi imo kwenye bei. Hotelini mara nyingi chai unalipia pembeni, na kote huko usishangae kuongezewa kodi ya kulala. Chakula cha usiku agizeni mapema, sisi tulichelewa tukaishia biskuti na karanga za kwenye pochi.

Na nyie mnaosema sehemu zile sio zetu, nani kawaambia? Hela yako ni hela. Vaa vizuri, ingia mlango wa mbele, usiombe radhi mtu hajakudai. Watoto wetu watajifunzia wapi kama sisi wenyewe tunajipeleka nyuma?

Asubuhi ni yule yule mama aliyetuletea mkate na siagi, anatabasamu, anauliza tumelalaje. Nikamwambia vizuri, ila mito yenu migumu.