Jibu: Faili za Kijapani zinafunguka Windows, zinagoma Linux

Ndugu, nimekuelewa. Maktaba yako ya Python (lugha ya programu) inasoma CSV, yaani faili za jedwali, za mteja wa Japani, Windows mambo shwari, ukihamia Linux herufi ① inaleta kosa hata ukitaja shift_jis, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi za Kijapani kama baiti.

Tatizo liko kwenye jina. Faili nyingi zinazoitwa Shift_JIS zimeandikwa na Windows, kwa hiyo ni CP932, yaani Shift_JIS yenye herufi za nyongeza. ① ni baiti 87 40 (kwa heksadesimali). Cp932 inaijua, shift_jis haiijui. Windows ya Kijapani inatumia CP932 yenyewe usipotaja kitu, ndiyo maana hukuona shida. Taja cp932 kila unapofungua faili. Kwenye Java jina lake ni windows-31j.

Geuza maandishi kuwa Unikodi (mfumo wa pamoja wa herufi za lugha zote) mara tu yanapoingia, na usiyakatekate yakiwa bado baiti. Herufi 表 ni 95 5C, na 5C peke yake ndiyo alama ya \. Msimbo unaotafuta \ kwenye njia ya faili utaipasua herufi hiyo katikati.

Chunga pia 〜. Baiti 81 60 kwa shift_jis inakuwa U+301C (namba ya herufi kwenye Unikodi), kwa cp932 inakuwa U+FF5E. Ukisoma kwa moja na kuandika kwa nyingine, Python itakataa.

Tafadhali usiweke errors='replace', inayoweka alama nyingine badala ya herufi isiyosomeka, ili kunyamazisha kosa: herufi ikishapotea hairudi. Tunza faili asili. Na kama ndani mna majina ya watu au hati za malipo, mtafute anayesoma Kijapani ayakague kabla hujatoa toleo.