Mbwa mchanga anayeokota bila kuleta

Ndugu yangu wa Kongwa, umeeleza kwamba mbwa wako wa miezi sita, Labrador unayemwandaa kwa uwindaji wa ndege, huokota unachomrushia lakini hukimbia nacho badala ya kukuletea. Tafadhali usimkimbize, kwa kuwa ataona huo ndio mchezo wenyewe. Mfunge kamba nyepesi ya mita 10, mrushie kitambaa kilichoviringishwa na kufungiwa bawa la ndege aitwaye kanga, na akishakiokota rudi nyuma, chuchumaa, umwite. Akifika, msifu kwanza akiwa bado amekishika mdomoni, ndipo ukipokee taratibu. Rudia mara chache tu, ukome angali ana hamu.

Mlio wa bunduki ndio unaohitaji subira kubwa zaidi, maana mbwa aliyetishwa nao akiwa mchanga ni vigumu mno kumrudishia ujasiri: mlio uanzie mbali sana, yeye akiwa ameshughulika na jambo analolipenda, nao usogezwe kidogo kidogo kadiri anavyotulia.

Kwa jua la Dodoma, mfundishe alfajiri, mbebee maji, na ukague mbigili katikati ya vidole vyake. Kabla ya kumpeleka kuwinda kwale, waulize TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kuhusu leseni, msimu, na iwapo mbwa anaruhusiwa.