Nyuzi 3 hewani, barafu kwenye viazi

Ndugu, umeuliza imekuwaje viazi vyako vya Kinangop viungue kwa barafu ilhali kituo cha hali ya hewa kilisoma nyuzi 3. Kipimajoto cha kituo huwekwa mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, udongo na majani hupoteza joto kuelekea angani, na hewa inayoyagusa ndiyo hupoa zaidi. Majanini halijoto inaweza kushuka chini ya sifuri huku usawa wa kifua chako bado ni nyuzi 3. Upepo ukivuma kidogo, matabaka hayo huchanganyika na hatari hupungua. Tena hewa baridi ni nzito, huteremkia bondeni. Msimu ujao, tafadhali, viazi vipandwe mteremkoni.